Nyumba za Kioo za Mhandisi Zamyatin

Riwaya iitwayo Sisi, ambayo Mrusi Yevgeny Zamyatin aliiandika mjini Petrograd kati ya mwaka 1920 na 1921, ni mama wa riwaya kadhaa zilizopata umaarufu kuliko yenyewe. Ni miongoni mwa kazi za mwanzo za aina ya fasihi ambayo wahakiki huiita distopia, yaani masimulizi ya jamii ya kubuni, aghalabu ya wakati ujao, ambayo imepangwa kwa nia ya kumletea binadamu raha na utulivu lakini ikaishia kumnyang'anya utu wake; kinyume chake ni utopia, ndoto ya nchi isiyo na dhiki wala dhuluma. Wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu zaidi George Orwell, kwa kuwa Shamba la Wanyama lilitafsiriwa na Fortunatus Kawegere na kuchapishwa Nairobi mwaka 1967, ilhali Zamyatin, ambaye Orwell alimsoma kwa makini kabla ya kuandika riwaya yake ya mwisho, amebaki jina la wataalamu.

Kwa kawaida Sisi husifiwa kama utabiri: husemwa kwamba mwandishi alimwona Stalin kabla Stalin hajashika hatamu. Sifa hiyo si ya uongo, ila inaipunguza riwaya, kwa sababu utabiri ukishatimia huwa habari ya zamani, na Stalin alifariki mwaka 1953. Kinachoifanya kazi hii isomeke leo bila kuhitaji kufutwa vumbi ni jambo jingine. Zamyatin alikuwa mhandisi wa meli muda wote aliokuwa mwandishi, na alichokichunguza ni jinsi saa ya kiwandani inavyoweza kutoka kiwandani ikaingia jikoni, kitandani na hatimaye kichwani mwa mtu, na jinsi mtu huyo anavyoweza kuipenda kwa moyo wake wote.

Mambo ya riwaya yanatokea karne nyingi zijazo, takriban miaka elfu moja baada ya Dola Moja kuitiisha dunia nzima. Kabla ya hapo palikuwa na Vita vya Miaka Mia Mbili kati ya mji na shamba. Mji ulishinda ulipogundua chakula kinachotengenezwa kwa mafuta ya petroli, na waliosalia hai walikuwa mtu mmoja tu katika kila watano. Mji wenyewe umezungukwa na Ukuta wa Kijani, ambao ng'ambo yake kuna misitu, wanyama na ndege ambao raia hawaruhusiwi kukaribiana nao. Raia hawana majina. Huitwa Namba, wanaume wakipewa konsonanti na tarakimu witiri, wanawake wakipewa irabu na tarakimu shufwa, na wote huvaa sare ya rangi ya buluu iliyochujuka yenye beji ya dhahabu kifuani. Maisha yao huongozwa na Jedwali la Saa, ratiba ambayo huwaamsha wote kwa dakika moja, huwainulia wote kijiko kwa sekunde moja, na kuwaagiza watafune kila tonge mara hamsini. Mchana hutoka matembezini wanne wanne kwa mistari, huku mitambo ya muziki ikipiga wimbo wa dola. Ni muda mdogo tu ulioachwa huru, kuanzia saa kumi jioni hadi saa kumi na moja, kisha saa tatu usiku hadi saa nne, na msimulizi anauonea haya muda huo, akitumaini kwamba siku moja hesabu itapatikana ya kuujaza nao pia.

Nyumba zote ni za kioo, kuta, sakafu na dari, hata vitanda na meza. Pazia huruhusiwa kuteremshwa katika siku za mapenzi peke yake, nazo zimepangwa: kila Namba hupimwa damu katika ofisi maalumu, hutengenezewa jedwali la siku zake, na hupewa kijitabu cha tiketi za waridi ambazo humpa haki ya kumtembelea Namba yeyote mwingine aliyemwandikisha. Mwanamke asiyefikia kimo kilichowekwa na sheria haruhusiwi kuzaa. Juu ya haya yote yupo Mfadhili, mtawala anayechaguliwa tena kila mwaka kwa mikono iliyonyooshwa hadharani, na wapo Walinzi, askari wa siri ambao husikiliza mazungumzo ya barabarani kwa vipaza sauti vilivyofichwa na kuchungulia mji kutoka vyombo vya angani. Anayekosa huwekwa chini ya Mashine ya Mfadhili, ambayo humyeyusha akabaki maji safi machache.

Msomaji wa siku hizi, aliyekwisha kuziona filamu nyingi za namna hii, anaweza kudhani anaijua hadithi. Jambo moja humshtua, nalo ni msimulizi. D-503, mwanahisabati mwenye umri wa miaka thelathini na miwili, si mtu aliyeonewa wala mpinzani anayejificha. Ndiye mjenzi mkuu wa Integrali, chombo cha anga kitakachopeleka furaha ya Dola Moja kwa viumbe wa sayari nyingine, watake wasitake, na kitabu chote ni shajara ya sura arobaini anayoiandika ili viumbe hao waelewe neema wanayoletewa. Anaiandika kwa furaha. Anaona ratiba ya treni ya watu wa kale kuwa ndiyo kazi bora kabisa ya fasihi waliyoiacha, na anamhurumia binadamu wa karne ya 20 aliyekuwa na uhuru wa kuchagua, kwa maana uhuru huo ndio uliomfanya awe mhalifu, mgonjwa na mwenye wivu.

Ili kuelewa ni wapi Zamyatin alimpata mtu wa namna hii, yafaa kuyatazama maisha yake, nayo hayakuanzia kwa Wabolsheviki. Alizaliwa mwaka 1884 mjini Lebedyan, kusini mwa Moscow, mwana wa kasisi wa Kanisa la Kiorthodoksi na mama mpiga piano. Alisomea uhandisi wa meli katika chuo cha ufundi cha Petersburg, akajiunga na Wabolsheviki akiwa mwanafunzi, na katika vuguvugu la mwaka 1905 akakamatwa na polisi wa mfalme, akafungwa peke yake kwa miezi kadhaa, kisha akafukuzwa mjini. Mwaka 1914 serikali hiyohiyo ililikamata jarida lililochapisha hadithi yake kuhusu maofisa wa jeshi walioko kambini mbali. Hivyo alikuwa na haki ya kujiita mwanamapinduzi, na baadaye, wanamapinduzi wenzake walipokuwa watawala nao wakamkamata mwaka 1922, alijikuta katika gereza lilelile alilofungwa alipokuwa kijana.

Kipindi ambacho wahakiki wengi walikipuuza kwa muda mrefu ni mwaka mmoja na nusu aliokaa Uingereza. Mwezi Machi 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Urusi ilimtuma Newcastle, mji wa viwanda na makaa ya mawe kaskazini mwa Uingereza, akasimamie ujenzi wa meli za kuvunjia barafu, ambazo Urusi ilizihitaji ili bandari zake za kaskazini zipitike. Meli mojawapo kati ya zilizojengwa huko kwa ajili ya Urusi wakati huo ilikuja kuitwa Krasin, na mwaka 1928 ikajulikana dunia nzima kwa kuwaokoa manusura wa chombo cha anga cha Waitalia kilichoanguka kwenye barafu ya Aktiki. Zamyatin alifanya kazi mchana kwenye mabanda ya kuundia meli, na jioni akarudi kwenye mtaa wa watu wa tabaka la kati, wenye nyumba zinazofanana, wanaume wanaotoka kazini kwa saa moja, na Jumapili moja isiyotofautiana na nyingine. Matokeo yake yalikuwa Wakazi wa Kisiwa, hadithi ndefu ya tashtiti, yaani kejeli inayouma, iliyotoka mwaka 1918, ambamo kasisi wa Kiingereza ameandika ratiba ya wokovu wa lazima: siku za kula, siku za toba na siku ya kumkaribia mkewe, kila jambo kwa saa yake.

Hapo ndipo mbegu ya Jedwali la Saa ilipoota, katika nchi ya kibepari yenye bunge na magazeti huru, miaka miwili au mitatu kabla ya Sisi. Ukweli huu unaondoa kabisa ile tafsiri nyepesi kwamba riwaya ilikuwa shambulio dhidi ya ukomunisti pekee. Orwell mwenyewe, alipoihakiki katika gazeti la Tribune mwezi Januari 1946, alikisia kwamba mwandishi huenda hakuilenga Urusi hasa, bali ustaarabu wa mashine kwa jumla. Hakuwa na habari nyingi za Newcastle, lakini pua yake ilinusa vizuri.

Mtu wa kale ambaye D-503 anamtukuza kuliko wote si Marx wala Lenin, ambao hawatajwi. Ni Frederick Winslow Taylor, mhandisi wa Marekani aliyefariki mwaka 1915. Taylor alisimama viwandani akiwa na saa ya kuhesabia sekunde, akaigawa kazi ya mfanyakazi katika miondoko midogomidogo, akapima kila mwondoko, akaondoa ule aliouona hauna faida, kisha akamwagiza mfanyakazi aufuate utaratibu mpya bila kufikiri, kwa kuwa kufikiri ilikuwa kazi ya ofisi ya mipango. Kwa maelezo yake mwenyewe, katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem alimwezesha mpakiaji mmoja kubeba tani 47 na nusu za chuma kwa siku badala ya 12 na nusu, kwa nyongeza ya mshahara iliyokuwa ndogo sana ikilinganishwa na nyongeza ya kazi. Kitabu chake kuhusu usimamizi wa kisayansi kilitoka mwaka 1911 na kikaenea haraka. D-503 anashangaa tu kwamba mtu mwenye akili kama hiyo hakufikia wazo la kuupanua mfumo wake ukajaza saa zote ishirini na nne.

Wapo waliofikia. Lenin, ambaye kabla ya mapinduzi aliuita mfumo wa Taylor utumwa wa binadamu chini ya mashine, alipendekeza mwaka 1918 kwamba dola ya Kisovyeti iujaribu na kuufundisha. Aleksei Gastev, mshairi aliyekuwa fundi wa vyuma, alianzisha mjini Moscow mwaka 1920 Taasisi Kuu ya Kazi, ambamo wafanyakazi walifundishwa namna sahihi ya kupiga nyundo huku mikono yao ikiongozwa na mashine, na aliandika waziwazi kwamba siku zijazo wafanyakazi wangetambulishwa kwa herufi na tarakimu, na hisia zao zingepimwa kwa vifaa kama mvuke unavyopimwa. Zamyatin hakuwa na haja ya kubuni mengi. Aliyachukua maneno ya watu wa wakati wake kwa uzito kuliko wao wenyewe walivyoyachukua, na inasikitisha kwamba Gastev, ambaye aliiamini hesabu hiyo kwa dhati, aliuawa na dola yake mwaka 1939.

Wala haikuwa Petrograd, Moscow na Newcastle tu. Katika miaka ileile ambayo Zamyatin aliwaandika watu wanaoitwa kwa namba, serikali ya kikoloni ya Kenya ilianza kuitekeleza sheria ya usajili iliyopitishwa mwaka 1915, ambayo kuanzia mwaka 1919 na 1920 ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi kutembea na kipande, karatasi yenye namba yake, alama za vidole vyake, na kumbukumbu ya waajiri wake na ujira wake, ikiwa ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Aliyeacha kazi bila saini ya mwajiri angeweza kutafutwa kwa namba yake hadi wilaya ya mbali. Zamyatin hakulijua jambo hili, na mfumo ule haukuwa na ahadi yoyote ya kumfurahisha mtu aliyeandikishwa. Hata hivyo, msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kukataa kufundishwa kwamba namba kifuani ni ndoto ya kutisha ya wakati ujao, maana babu zake waliivaa wakati riwaya ingali ni muswada.

Kioo nacho kina historia yake, na hapa ndipo riwaya inapogusa mjadala mrefu wa Warusi. Mwaka 1851 Waingereza walijenga mjini London jengo kubwa la chuma na kioo kwa ajili ya maonyesho ya bidhaa za dunia, na jengo hilo likawa ishara ya maendeleo. Nikolai Chernyshevsky, katika riwaya yake ya mwaka 1863 iliyosomwa na vijana wengi wa kimapinduzi, akiwamo Lenin, alimpa shujaa wake wa kike ndoto ya kasri la kioo ambamo watu wa kesho wangeishi pamoja kwa raha. Mwaka uliofuata Fyodor Dostoevsky alijibu kwa kumwumba mtu mkaidi anayesema kwamba, hata akijengewa kasri hilo, atataka haki ya kulitolea ulimi, kwani binadamu hutaka mapenzi yake mwenyewe hata yakiwa ya kijinga na ya kumdhuru. Zamyatin alilichukua kasri la Chernyshevsky na kulijenga kwa hesabu zote za kihandisi, kisha akamweka ndani yake mtu ambaye hana ulimi wa kulitolea. Mwanafalsafa Mwingereza Jeremy Bentham alikuwa amekwisha kupendekeza, mnamo mwaka 1791, gereza la duara ambamo mlinzi mmoja aliye katikati angeweza kumwona kila mfungwa bila kuonekana. Tofauti ya Zamyatin ni kwamba kwake kila jirani ni mlinzi, na mtu ambaye hana la kuficha huona fahari kuonekana.

Mtu huyo anaharibika kwa njia ya kuchekesha. Mwanamke aitwaye I-330, mwenye meno meupe makali na tabasamu la kejeli, anampeleka katika Nyumba ya Kale, jengo la makumbusho lililohifadhiwa kwa kuta zisizopenyeka kwa macho, akamnywesha pombe, akamfanya achelewe ratiba. D-503 anaenda kwa daktari, naye anamwambia kwa huzuni kwamba hali yake ni mbaya, kwa kuwa ameota roho. Mwandishi hamsukumi mhusika wake kwenye hotuba za ukombozi. Anamwacha ajitetee kwa lugha pekee anayoijua, ile ya hesabu, hadi hesabu yenyewe inaanza kumsaliti: tangu utotoni amekuwa akiogopa kipeuo cha pili cha hasi moja, namba ambayo wanahisabati huiita ya kufikirika kwa sababu haina mahali pake kwenye mstari wa namba za kawaida, na sasa anatambua kwamba kitu kama hicho kipo ndani yake. Sentensi zake, ambazo mwanzoni zilikuwa zimenyooka kama michoro ya kihandisi, zinakatika katikati, zinaishia kwenye vistari na nukta, na msomaji anaona uasi ukianzia kwenye sarufi kabla haujafika barabarani.

I-330 ni mwanachama wa Mefi, kundi la siri linalopanga kuiteka Integrali na kuubomoa Ukuta wa Kijani. Kati ya mazungumzo yake na D-503 yamo mabishano ambayo yaliwaudhi watawala wa Moscow kuliko kuta zote za kioo. D-503, kama mtu wa dola, anashikilia kwamba mapinduzi yaliyoizaa Dola Moja yalikuwa ya mwisho. Mwanamke anamwomba, akiwa mwanahisabati, amtajie namba ya mwisho, na kwa kuwa namba hazina mwisho, hakuna pia mapinduzi ya mwisho. Zamyatin alilieleza wazo hilohilo katika insha yake kuhusu fasihi, mapinduzi na entropia, istilahi ya fizikia inayohusu mwelekeo wa nishati kutawanyika hadi kila kitu kiwe na joto moja na kitulie. Kwake itikadi iliyoshinda hupoa, huganda na kuwa gamba, na kazi ya mwandishi ni kuwa mzushi anayelipasua gamba hilo. Chama kilichojiona kimefika mwisho wa historia hakikuweza kulisamehe hilo.

Dola inapohisi hatari haiongezi askari. Inatangaza ugunduzi wa kitabibu: ugonjwa wa Namba ni uwezo wa kuwaza yasiyokuwapo, na uwezo huo hukaa kwenye kijivimbe kidogo ubongoni ambacho kinaweza kuunguzwa kwa miale mara tatu, mtu akapona daima. Wanaitwa kwa gazeti, na wengi wanaenda kwa hiari yao. Kabla ya hapo, katika Siku ya Kauli Moja, maelfu ya mikono ilikuwa imenyooshwa kumpinga Mfadhili kwa mara ya kwanza, na gazeti la dola likaeleza kesho yake kwamba kura hizo hazihesabiki, kwa kuwa ni sauti za wagonjwa. Maelezo ya namna hiyo yanatosha kumkumbusha msomaji wa nchi yoyote uchaguzi mmoja au miwili.

Kitabu chenyewe kilipata misukosuko inayofanana na ya wahusika wake. Zamyatin alikisoma kwa sauti mbele ya mikutano ya waandishi, lakini udhibiti wa machapisho ulikizuia kisitoke nchini. Toleo la kwanza lilitokea New York mwaka 1924, kwa Kiingereza, likitafsiriwa na Gregory Zilboorg, daktari aliyekuwa ofisa katika wizara ya kazi ya serikali ya muda iliyopinduliwa na Wabolsheviki. Mwaka 1927 gazeti la Warusi waliohamia Prague lilichapisha vipande vyake kwa Kirusi, na ili kumlinda mwandishi mhariri alidai vimetafsiriwa kutoka Kicheki, akaharibu makusudi baadhi ya sentensi. Ujanja huo haukufaa kitu. Mwaka 1929 chama cha waandishi wa kiproletaria kilianzisha kampeni dhidi ya Zamyatin na Boris Pilnyak, mwandishi mwingine ambaye kazi yake ilichapishwa nje. Vitabu vyake viliondolewa maktabani, tamthilia zake zikasimamishwa, na wachapishaji wakamfungia milango. Mwezi Juni 1931 alimwandikia Stalin barua ya ujasiri usio wa kawaida, akisema kwamba mwandishi aliyenyimwa kuandika amehukumiwa kifo, na akaomba adhabu hiyo ibadilishwe iwe kuondoka nchini. Maxim Gorky alimsemea, naye akaruhusiwa. Alifariki Paris mwezi Machi 1937 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa fukara na bado mwenye pasipoti ya Kisovyeti. Pilnyak, aliyebaki, alipigwa risasi mwaka 1938. Toleo kamili la Sisi kwa Kirusi lilichapishwa New York mwaka 1952, na Moscow iliruhusu riwaya isomwe mwaka 1988, miaka sitini na saba baada ya kuandikwa.

Wakati huo riwaya zilizozaliwa na Sisi zilikuwa zimekwisha kuitawala dunia ya wasomaji. Orwell, aliyeisoma kwa Kifaransa, alichapisha 1984 mwezi Juni 1949 na hakuficha kwamba Zamyatin alimvutia. Alihisi pia kwamba Aldous Huxley, katika riwaya yake kuhusu dunia mpya ya raha iliyotoka mwaka 1932, alichukua kitu kutoka hapo, ingawa Huxley alikana kuijua. Orwell alikuwa msimulizi bora wa njaa, baridi na hofu, na kwa sababu hiyo 1984 humfaa zaidi mtu anayetaka kuelewa udikteta wa kutesa. Lakini Winston, shujaa wake, anamchukia Kaka Mkubwa, mtawala wa dola yake, tangu kurasa za mwanzo, na inabidi ateswe ndipo ampende. D-503 anaanza akiwa anapenda. Tofauti hii ni kubwa, na ndiyo inayoifanya riwaya iliyotangulia iwe karibu zaidi na karne ya 21.

Saa ya Taylor sasa imo ndani ya simu. Dereva wa pikipiki au teksi anayepata abiria kupitia programu, awe Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, hana msimamizi wa kumfokea wala jedwali lililobandikwa ukutani; ana nyota alizopewa na abiria, ramani inayoonyesha alipo kila dakika, na hesabu asiyoijua inayoamua ni nani atakayepata safari ijayo, na nyota zikishuka akaunti yake hufungwa bila mtu wa kumlalamikia. Katika maghala ya biashara ya mtandaoni ya Ulaya na Marekani, kifaa anachoshika mfanyakazi ili kusoma lebo za mizigo huhesabu pia dakika ambazo hakusoma lebo yoyote. Haya Taylor angeyatambua mara moja. Lile ambalo angelistaajabia, na ambalo Zamyatin asingelistaajabia, ni watu wanaonunua kwa fedha zao saa ya mkononi inayopima hatua zao, mapigo ya moyo wao na usingizi wao, kisha wakaona fahari kuwaonyesha wengine alama walizopata. Aliyefikia lengo la siku hupongezwa na kifaa chake, na pongezi hiyo humpa raha halisi. Kuipuuza raha hiyo ni kukosa kuielewa hoja ya riwaya.

Ulinganisho huu una mipaka yake, na mhakiki mwaminifu hana budi kuikiri. Dola Moja ni moja, na inataka utulivu. Kampuni za teknolojia ni nyingi, zinashindana, na aghalabu zinanufaika na watu wasiotulia, wenye hasira na tamaa, kwa kuwa hao ndio wanaobaki mbele ya kioo cha simu. Zamyatin aliihofia dunia iliyoganda, wala hakuona kwamba msukosuko wenyewe unaweza kupangwa na kuuzwa. Riwaya ina udhaifu mwingine wa kifasihi. Watu walio ng'ambo ya Ukuta wa Kijani, wenye miili iliyoota manyoya na wanaoishi kwa amani msituni, ni picha ya mtu wa mjini anayewazia shamba bila kulilima. I-330 ni kishawishi zaidi kuliko mtu: msomaji anajua anachokiamini, hajui anachokiogopa.

Mwanamke aliyekamilika kisanaa ni yule anayedharauliwa na karibu kila mhusika, O-90, mfupi kwa sentimita kumi kuliko kimo cha uzazi. Hana itikadi yoyote. Anataka mtoto, anajua kwamba adhabu ya kuzaa bila kibali ni kifo, na anabeba mimba ya D-503 akiwa na akili timamu. Kisha, licha ya wivu unaomuumiza, anakubali msaada wa I-330 na kuvushwa nje ya ukuta. Zamyatin anamtaja mara chache tangu hapo, na pengine hakutambua mwenyewe uzito wa alichokifanya, kwa maana wakati mwanamapinduzi mkuu anawekwa chini ya Kengele ya Gesi, chombo cha mateso kinachonyonya hewa, na mwanahisabati, aliyekwisha kuunguzwa ubongo, akiketi kando ya Mfadhili akimtazama bila kukumbuka alimjulia wapi, O-90 yuko mahali ambapo dola haina kumbukumbu yake.

Katika ukurasa wa mwisho D-503 anaandika kwa mwandiko wake ule wa zamani, safi na ulionyooka. Mapigano yanaendelea katika mitaa ya magharibi, ukuta wa muda wa umeme umesimamishwa kukatiza mji, Namba wengi wameiasi dola, na yeye ana hakika kwamba akili itashinda. Riwaya haisemi kama alikuwa sahihi, na shahidi pekee tuliyeachiwa amekwisha kufanyiwa upasuaji.